Dragon Ball toka mwanzo hadi Super: Z au Kai, filamu zinaingia wapi, na gemu ipi ya PS4?

Mpwa_wa_Kame

Habari za jioni wakuu. Nataka kuitazama Dragon Ball yote, zile katuni za Kijapani (anime), kwa mpangilio, toka Goku mtoto hadi Dragon Ball Super. Ninachokifahamu ni vipande vya Dragon Ball Z: maadui Vegeta, Frieza na Cell.

Naombeni msaada kwenye haya. Je, ile ya Goku mtoto ni lazima au naweza kuanza na Z? Kati ya Z na Kai, ile Z iliyofupishwa, nichukue ipi? Zile filamu za zamani za kina Broly na Cooler nizipange wapi? Super nianze na vipindi au filamu? Halafu nina faili za Z ambazo vichwa vya wahusika vinakatika juu ya skrini, tatizo ni TV (inchi 32) au faili?

Nina PS4 na simu ya Android yenye RAM ya GB 4, mkinitajia na gemu nitashukuru. Mdogo wangu wa miaka 9 atakuwa anatazama pia. Nawasilisha.

Mlinzi_wa_Mnara

Mkuu, usiruke ile ya kwanza. Ni vipindi 153, vilirushwa Japani kuanzia Februari 1986 hadi Aprili 1989, na Z ikaanza wiki moja tu baadaye. Ni hadithi moja iliyobadilishiwa jina kwenye TV. Kwenye manga (kitabu cha katuni) ya Toriyama, mtunzi wake, jina halikubadilika kabisa, ni Dragon Ball toka sura ya 1 hadi ya 519. Ukianza na Z, adui Raditz anakuja, Goku na hasimu wake Piccolo wanaungana dhidi yake, nawe hushtuki, kwa sababu hujaona walichofanyiana kabla. Piccolo anavyomlea Gohan, mtoto wa Goku, baadaye ndiyo sehemu nzito kuliko zote za mwanzo wa Z, na uzito wake wote unatoka kwenye vipindi vya 102 hadi 148 vya ile ya kwanza.

Kama muda ni mdogo, punguza hivi. 1 hadi 28 tazama vyote: hapo wanaingia Bulma, Yamcha, mzee Kame-Sennin anayemfundisha Goku, na Krillin, na mashindano ya kwanza unayoyaona ya kung'ang'ania ubingwa wa dunia (ndiyo ya 21). 29 hadi 78 ni jeshi la Red Ribbon na mambo ya bibi mpiga ramli. Hapa unaweza kukimbia kidogo, ila usilikwepe jeshi lenyewe, maana daktari anayetengeneza zile roboti za Z anatoka humo na kisasi chake ni cha humo. 79 hadi 83 ruka. 84 hadi 148 usiguse hata kimoja: ni Tien, Piccolo Daimao na fainali ya mashindano ya 23, na kwa maoni yangu pambano la Goku na Tien kwenye fainali ya mashindano ya 22 limepangwa vizuri kuliko mapambano mengi ya Z. Hakuna nywele za dhahabu, hakuna sayari inayolipuka, kila pigo lina jibu lake. 149 hadi 153 ruka. Hivyo ninavyokuambia uruke ni filla, yaani havimo kwenye manga.

Kuhusu Z na Kai. Z ni vipindi 291. Ilirushwa huku manga bado inachapishwa kila wiki, na sura moja ilikuwa kurasa 14 au 15 tu. Kipindi kimoja cha TV kinahitaji takribani dakika 20 za picha. Kila studio ilipokaribia kumfikia mwandishi, ilibidi ivute muda: watu wanakodoleana macho, mawe yanaelea, au unaletewa hadithi iliyotungwa studio. Ndiyo maana Frieza anasema sayari ya Namek imebakiza dakika 5, na hizo dakika 5 zinakula kama vipindi 10.

Kai ilianza Aprili 2009. Ni picha zilezile za Z zilizosafishwa, zikakatwa zifuate manga, sauti zikarekodiwa upya. Vipindi 194 vya mwanzo vya Z, hadi Cell anapokwisha, vimekuwa 98. Kwa dakika 24 kila kimoja, karibu saa 78 zimekuwa 39.

Sakata la Buu, adui wa mwisho wa Z, ndipo watu wanapokosea. Kai ya Buu ilikuja baadaye, mwaka 2014, na haikukatwa kwa ukali uleule. Toleo la Japani lina vipindi 61, la kimataifa 69. Picha yake ina ukijani juu ya kila kitu na imekatwa juu na chini. Kwa hiyo pendekezo langu ni Kai 1 hadi 98, kisha rudi Z ya asili kuanzia kipindi cha 200, Gohan anapoanza sekondari. 195 hadi 199 ni mashindano ya ahera, filla. Jumla unatazama vipindi 190 badala ya 291, na hadithi yote unayo.

fundi_skrini

Nijibu la vichwa kukatika. Tatizo ni faili, TV yako haina kosa.

Dragon Ball na Z zilipigwa kwenye filamu ya milimita 16, picha ina uwiano wa 4:3, yaani karibu mraba. TV yako ni 16:9. Kampuni ya Marekani ilipotoa Z kwa misimu kwenye DVD kuanzia 2007, yale makasha ya rangi ya chungwa, ilitaka picha ijae skrini pana. Ili 4:3 ijae 16:9 bila kuvutwa, lazima ukate robo nzima ya urefu wake, juu na chini. Vichwa vinaondoka, miguu inaondoka, na kwenye anime ya mapigano miguu ndiyo inayokuonyesha mtu amesimama wapi. Blu-ray za misimu za 2013 zina kasoro hiyohiyo.

La pili ni usafishaji. Filamu ya milimita 16 ina chembechembe. Kompyuta ikiambiwa iondoe chembechembe zote, inachukua na mistari myembamba ya mchoro: mikunjo ya nguo, nywele za Vegeta, mistari ya kasi nyuma ya mhusika. Picha inaonekana laini kama imepakwa mafuta. Kwa hiyo faili iliyoandikwa 1080p si lazima iwe bora. Faili ya 480p iliyotoka kwenye Dragon Box, toleo la DVD ambalo liliachwa 4:3, inaonyesha sehemu kubwa zaidi ya picha kuliko ile 1080p iliyokatwa.

Namna ya kukagua: fungua faili kwenye VLC (programu ya kuchezea video), nenda kwenye taarifa za faili, soma vipimo. Ukiona 640x480, 720x480 au 1440x1080, hiyo ni 4:3 (720x480 inatumia pikseli zisizo mraba, usiogope hesabu yake). Ukiona 1280x720 au 1920x1080 bila mistari myeusi pembeni, jua imekatwa au imevutwa. Imevutwa utaijua haraka: mpira wa joka hauko duara, uko kama yai. Hiyo inatibika: bonyeza A kwenye kibodi hadi ufike 4:3. Iliyokatwa haitibiki, kilichoondolewa hakimo tena ndani ya faili.

Upande wa TV, mpangilio wa picha uweke 4:3 au ule wa asili. Usiweke ule wa kukuza. Mistari myeusi kushoto na kulia ni sahihi, iache.

Kai 1 hadi 98 kwenye diski ni 4:3, kwa hiyo hapo uko salama. Ya Buu ndiyo 16:9, kama Mlinzi alivyosema.

Dada_wa_Chi-Chi

Naheshimu ushauri wa Mlinzi lakini siukubali wote. Kai inakufikisha haraka, sawa, ila inakunyang'anya pumzi. Z ina kipindi cha 125, Goku na Piccolo wanajifunza kuendesha gari. Hakimo kwenye manga, hakisogezi hadithi hata inchi moja, na ni kati ya vipindi vinavyopendwa kuliko vyote, kwa sababu kinakuonyesha hao watu wakiwa nje ya vita. Mtu akifa baadaye unamlilia kwa sababu ulimwona akishindwa kupaki gari. Anayechukua Kai namshauri aongeze hicho 125, na aongeze zile filamu maalumu mbili za TV: ya Bardock (1990) na ya Trunks wa siku zijazo (1993).

Ya Bardock itazame baada ya Namek. Ya Trunks itazame baada ya Cell, siyo kabla, maana inakufunulia mengi. Na ujue inatofautiana na manga: kwenye filamu, Trunks anageuka Super Saiyan (lile umbo la nywele za dhahabu) mara ya kwanza kwa uchungu wa kifo cha Gohan. Kwenye manga tayari alikuwa anaweza. Toleo la filamu lina nguvu zaidi, naliunga mkono bila kusita.

Pia kuna suala la sauti. Z ya Kiingereza iliyorushwa Marekani miaka ya mwisho ya 1990 siyo Z ya Japani yenye Kiingereza juu. Muziki ulibadilishwa, na maneno yalibadilishwa. Ile kauli maarufu ya nguvu kuzidi 9000, kwa Kijapani ni 8000. Vegeta anamwambia Goku kwamba baba yake alikuwa mwanasayansi hodari, jambo ambalo halimo kwenye asili, na linagongana na filamu ya Bardock ambako baba huyo ni askari wa daraja la chini. Mtazamaji mpya anachanganyikiwa bure.

Tofauti kubwa zaidi ni ukimya. Kwenye Kijapani kuna dakika ambazo hakuna muziki, upepo tu. Toleo la Marekani linajaza muziki kila sekunde. Ukitaka Kiingereza, chukua Kiingereza cha Kai, tafsiri yake iko karibu zaidi na asili. Ukiweza kusoma maandishi ya chini, chukua Kijapani. Masako Nozawa ndiye sauti ya Goku na wanawe Gohan na Goten, wote watatu, na katika sakata la Buu anawafanya wazungumze wao kwa wao bila kukuchanganya.

Kwa mtoto wa miaka 9: vipindi vya mwanzo kabisa vya ile ya kwanza vina utani mwingi wa Kame-Sennin kuchungulia na kushika wasichana. Siupendi na sidhani mtoto auone bila mkubwa pembeni wa kumwambia kwamba huo si utani. Unapungua sana baada ya Goku na Krillin kuanza mazoezi kwa mzee. Jambo jingine ni mchoro wa Mr. Popo, midomo mikubwa myekundu kwenye uso mweusi tii. Huo ni mchoro wa dhihaka dhidi ya watu weusi, wa mtindo wa zamani wa Marekani na Ulaya, na Japani iliurithi hivyohivyo. Kituo kimoja cha Marekani kilimpaka rangi ya bluu kwenye Kai. Mimi naona ni bora mtoto aelezwe kuliko kufichwa.

Mlinzi_wa_Mnara

Dada, hilo la 125 nimelikubali. Mpwa, liongeze kwenye orodha.

Goma_Sangoku

Jambo kwenu wote. Kwetu huku Kongo, na kwa ndugu zetu wa Burundi, wengi wameijua kwa Kifaransa, na faili nyingi zinazozunguka ni za Kifaransa. Ukizipata usichanganyikiwe na majina. Sangoku ndiye Goku, Sangohan ndiye Gohan, Tortue Géniale ndiye Kame-Sennin, Petit Cœur ndiye Piccolo, Freezer ndiye Frieza, Boubou ndiye Buu. Mister Satan wa Kifaransa na Kijapani ndiye Hercule wa Kiingereza cha Marekani. Wasaiyan, kabila la Goku na Vegeta, mara nyingi wanaitwa wapiganaji wa anga tu.

Tahadhari ni kwamba Kifaransa cha zamani kilitengenezwa kwa ajili ya kipindi cha watoto cha TF1, televisheni ya Ufaransa, kuanzia 1988, na vipande vya damu vilipunguzwa. Waigizaji wa sauti walikuwa wachache, mtu mmoja anafanya wahusika wengi, kwa hiyo adui mpya anaingia na sauti ya aliyekufa jana. Lakini Brigitte Lecordier kwenye Goku mtoto na Gohan, na Patrick Borg kwenye Goku mkubwa, hao ni wazuri sana. Kai ina Kifaransa kipya chenye tafsiri safi zaidi, na hao wawili wamo. Anayejua Kifaransa kuliko Kiingereza aanzie hapo.

Beerus_Njaa

Sasa filamu na Super.

Filamu 13 za Z za miaka ya 1989 hadi 1995, usizipange popote. Zilitengenezwa kwa ajili ya sinema za likizo za shule Japani, nyingi ni za dakika 45 hadi 70, na waandishi wake hawakujali zinaingia siku gani ya hadithi. Mfano: ya kwanza ina Krillin akimfahamu Gohan kabla ya Raditz kufika, wakati hadithi yenyewe inaonyesha wanakutana siku ileile Raditz anapotua. Cooler, Broly wa 1993, Janemba, wote hawana nafasi halali. Zitazame kama sherehe, baada ya kumaliza sakata ambalo nguvu za Goku zinafanana. Cooler baada ya Frieza, Broly baada ya Cell, Janemba baada ya Buu. Ila kuna mtego mmoja: Z 108 hadi 117, sakata la Garlic Jr., ni mwendelezo wa hiyo filamu ya kwanza. Kai ililikata lote, kwa hiyo kwako halina shida.

Super ina vipindi 131, Julai 2015 hadi Machi 2018. Vya 1 hadi 14 vinasimulia upya filamu ya 2013, Battle of Gods. Vya 15 hadi 27 vinasimulia upya ya 2015, Resurrection 'F'. Tazama filamu, ruka vipindi, kisha ingia Super 28. Sababu ni mchoro. Mwanzo wa Super ulifanywa kwa haraka mno, na kipindi cha 5, Goku dhidi ya Beerus, mungu wa uharibifu, kilirushwa na nyuso zimepinda na mikono isiyo na mifupa. Diski zilirekebisha baadhi, lakini filamu ilikuwa nzuri toka siku ya kwanza. Unachopoteza kwa kuruka ni kidogo.

28 hadi 41 ni mashindano dhidi ya ulimwengu wa 6. Hit ndiye mpinzani mwenye akili kuliko wote wa Super, maana nguvu zake zinahitaji kufikiriwa, kupiga kelele tu hakusaidii. 47 hadi 67 ni Trunks na adui anayefanana na Goku, aitwaye Goku Black: nusu ya kwanza ni bora sana, mwisho wake unakatisha tamaa na sitakuficha. 77 hadi 131 ni mashindano makubwa. Pambano lenyewe linaanza 97, limepangwa kuwa la dakika 48, na linachukua vipindi 35. Tazama vitatu au vinne kwa siku, ukitazama kimoja kimoja utachoka. Vya 109 na 110, na vya 129 hadi 131, ni kati ya uhuishaji bora wa jina hili lote.

Baada ya 131 ni filamu ya Broly (Desemba 2018), na huyu Broly ndiye wa halali. Kisha Super Hero (2022), ya Piccolo na Gohan. Anayetaka kuendelea zaidi asome manga ya Super inayochorwa na Toyotarou, hadithi za Moro na Granolah zimo humo.

Daima (Oktoba 2024 hadi Februari 2025, vipindi 20) kihadithi iko baada ya Buu na kabla ya Beerus. Itazame mwisho. Inampa Goku umbo la Super Saiyan 4, na ukitoka hapo kwenda Battle of Gods utaanza kuuliza kwa nini hakulitumia, swali ambalo Super haiwezi kukujibu kwa sababu ilitengenezwa miaka mingi kabla. Ila kwa mikono ya wachoraji ni kazi nzuri mno, na ni ya mwisho Toriyama kushiriki kwa karibu hivyo kabla hajafariki Machi 2024.

GT, vipindi 64, ni tawi lake peke yake. Toriyama alichangia michoro ya mwanzo, hadithi si yake. Haiendani na Super hata kidogo.

Mpwa_wa_Kame

Nashukuruni sana wakuu. Faili zangu nimezikagua, ni 1280x720 na hazina mistari pembeni, mipira ya joka ni duara kabisa. Ina maana zimekatwa. Nitatafuta Kai. Manga ni lazima? Na gemu bado.

fundi_skrini

Ndiyo, hizo zimekatwa. Achana nazo.

Mlinzi_wa_Mnara

Manga si lazima, lakini kama utasoma kitu kimoja, soma sakata la Namek. Juzuu zote ni 42. Toleo la Kiingereza la mchapishaji Viz limegawanywa: 16 zinaitwa Dragon Ball, na 26 zinazobaki zinaitwa Dragon Ball Z na namba zinaanza upya. Kwa hiyo Z juzuu ya 1 ndiyo ya 17 ya Kijapani. Watu wananunua juzuu 16 wakidhani wamemaliza, na wengine wanadhani wameibiwa juzuu za katikati.

Sifa ya Toriyama inaonekana kwenye karatasi kuliko kwenye TV. Anasoma jicho lako: pigo likitoka kulia kwenda kushoto, mwelekeo uleule unaosoma, mwili wa anayepigwa unakupeleka kwenye picha inayofuata. Huhitaji hata maneno. Pambano lililochukua vipindi vitano utalimaliza kwa dakika 15 na utalielewa zaidi. Kumbuka tu kusoma kutoka kulia.

Kombo_ya_Pwani

Gemu. Kwa PS4 una mbili za kuzingatia, na zina kazi tofauti.

Kakarot (Januari 2020) ni hadithi nzima ya Z toka Raditz hadi Buu, unaichezea. Icheze ukiwa nyuma ya unapotazama: maliza sakata kwanza, ndipo ulicheze. Wengi wanaichoka kwa sababu wanafanya kila kazi ndogo inayotokea kwenye ramani. Huna haja. Hadithi kuu inakupa pointi za kutosha kupanda daraja, na ukimaliza yote kuna mashine ya wakati ya kurudia ulichoruka. Kula vyakula kabla ya pambano kubwa, vinaongeza nguvu kwa muda. Adui akianza kung'aa acha kumpiga, rudi nyuma ulinde, maana wakati huo mapigo yako hayamyumbishi na atakujibu. Na usijaze ki (nguvu za mapigo maalumu) akiwa karibu nawe. Mpige kwanza aruke mbali, ndipo ujaze.

FighterZ (Januari 2018) ni ya wachezaji wawili, kila mmoja na wahusika watatu, na ndiyo nzuri kuliko zote kwa mchoro. Studio ya Arc System Works ilitumia wahusika wa 3D wakaonekana kama wamechorwa kwa mkono. Makosa ya wanaoanza ni yaleyale kila mahali. La kwanza, wanatumia mkimbio wa kumfuata adui (R2) kila sekunde. Unapita kwenye risasi za ki bila kuumia, ndiyo, lakini mpinzani anayejua anabonyeza chini pamoja na pigo zito, mkono wake unapita juu, na wewe unaliwa kombo (mfululizo wa mapigo) nzima. Jifunze hilo pigo la chini+zito kabla ya kitu kingine chochote. La pili, wanategemea kombo ya kubonyeza kitufe kimoja. Jifunze hii, inafanya kazi kwa karibu kila mhusika (dogo, kati na zito ni vitufe vya mapigo): dogo, chini+kati, kati, ruka, kati, dogo, chini+zito, R2, kisha dogo mara tatu. Inakatika mahali pawili. Kwanza kwenye kuruka: usingoje pigo la kati limalizike, bonyeza juu mara tu linapogusa. Pili kwenye R2: ukichelewa, adui anaangukia chini ya uwezo wako wa kumfikia.

La tatu, Sparking, hali ya kuongezewa nguvu kwa muda, inapatikana mara moja tu kwa pambano zima. Muda wake ni mrefu zaidi ukibaki na mhusika mmoja. Watu wanaitumia mwanzoni wakibanwa, halafu mwisho hawana kitu.

TV yako iweke kwenye mpangilio wa gemu. TV nyingi zinachakata picha kabla ya kuionyesha, na huo ucheleweshaji unatosha kabisa kuharibu hiyo kombo. Kwa kucheza mtandaoni, maboresho ya mtandao ya 2024 yalikwenda kompyuta na mashine mpya, PS4 ikaachwa na mfumo wa zamani. Kwenye PS4 icheze na watu walio sebuleni, utaifurahia zaidi. Na gemu nyingine, Sparking! Zero ya Oktoba 2024, usiinunue kwa bahati mbaya, haikutoka kwa PS4.

Vulkan_Mwanza

Kwa simu ya GB 4, tumia PPSSPP, programu inayochezesha gemu za PSP kwenye simu. Gemu ya kutafuta ni Tenkaichi Tag Team ya PSP (2010), ndiyo karibu zaidi na zile za PS2 zenye uwanja wa wazi, na ina wawili kwa wawili. Shin Budokai ya pili, Another Road, ni nyepesi zaidi kwa simu dhaifu.

Mipangilio: kichora picha weka Vulkan. Ikiganda au ikaonyesha rangi za ajabu, rudi OpenGL, baadhi ya simu zina Vulkan mbovu. Ukubwa wa picha weka mara 2 ya PSP, yaani 960x544. Ukiweka mara 3 au 4 simu inapata joto, na ikishapata joto inapunguza kasi yenyewe, hivyo dakika 10 za mwanzo zinakudanganya. Kuruka fremu weka 0. Ikilemea, shusha kwanza ukubwa wa picha hadi mara 1 kabla ya kugusa fremu, kwa sababu kwenye mapigano fremu zinazorukwa ndizo zenye pigo ulilotakiwa kuliona. Usiwashe ile ya kuruka madoido ya bafa ili upate kasi, miali ya ki itapotea au skrini itakuwa nyeusi.

Hifadhi mchezo kwa njia ya gemu yenyewe. Picha za papo kwa papo za PPSSPP ni za msaada tu, ukisasisha programu zinaweza kugoma kufunguka. Faili za kuhifadhi zinakaa PSP/SAVEDATA, nakili folda hiyo kabla ya kubadilisha simu. Kwenye Android 11 na kuendelea programu itakuomba uchague folda: tengeneza moja kwenye hifadhi ya ndani na uichague hiyohiyo kila unapoisakinisha upya.

Kuhusu zile modi (gemu zilizobadilishwa na mashabiki) zinazoitwa majina ya Super, nyingi ni Tag Team ileile, wahusika wapya wamevalishwa juu ya wa zamani, mapigo ni ya yule wa zamani. Zinaganda kwenye skrini ya kuchagua wahusika au unapogeuka umbo, kwa sababu umbo ambalo mtengenezaji hakuligusa halilingani na jipya. Ukitaka mchezo unaomalizika, cheza toleo la asili. Na faili yoyote iliyofungwa kwa neno la siri ambalo lazima ujaze fomu au upakue programu nyingine ndipo ulipate, iache.

Mpwa_wa_Kame

Vulkan, simu imekubali mara 2 bila shida. Kombo, hilo la chini+zito nitaanza nalo. Kai inaanza leo usiku baada ya kumaliza 28 za mwanzo?

Mlinzi_wa_Mnara

Hapana mkuu, Kai inasubiri hadi umalize 148 za ile ya kwanza. Ukifika 28 endelea na Red Ribbon.